Jani Alilowapa Mpambaji

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Sijakaa hapa kuwapigia hadithi ya kuwalaza. Ninaandika kwa sababu ninaogopa, na mtu ninayemwogopea si wa kujiandikia mwenyewe. Shule yangu ni ndogo, ilinifikisha kusoma Biblia na kuandika jina langu, na mengine nimejifunza ukubwani kwenye kikundi cha akina mama. Kwa hiyo msitafute hapa maneno ya madoido. Mkikuta kosa, lipiteni.

Tulimwita Mpambaji. Ndiye aliyepamba madhabahu ya kanisa letu huku Mwika tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Jina la ubatizo analo, ila sitaliandika, na mkifika mwisho hamtaniuliza kwa nini.

Alikuwa mtu wa kuogopwa kabla hajawa mtu wa kuogopewa. Wasichana wa kwaya walikuwa wakipita mbali na vyombo vyake vya maua, maana akikuona umegusa petali alikupiga kofi la mkononi, hata kama mama yako amesimama pale. Wakati wa sala sisi wote tunafumba macho, yeye anafumbua. Nilimuuliza siku moja, wewe mwenzetu huombi? Akasema, "Naomba. Lakini kuna mtu alichomoa ua langu wakati wa Baba Yetu, na bado sijamjua."

Maua ya plastiki alikuwa hataki kuyasikia. Ilikuja harusi moja, ndugu wa bibi harusi wameyabeba kutoka Moshi, wameyafunga kila benchi. Mpambaji akaingia, akatazama, akaanza kuyafungua moja moja huku watu wamekaa. Shangazi wa bibi harusi akamvuta mkono.

"Mama, hayo tumeyanunua!"

"Na bwana harusi naye mmenunua wa plastiki?"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji akamwita pembeni kwa upole, akamwambia, mama, waache watu wafurahi, ni siku yao. Akamjibu, "Mchungaji, wewe hubiri. Vyombo vya maua niachie mimi." Na mchungaji akaenda kuhubiri.

Basi mngedhani mtu wa hivyo haogopi kitu. Aliogopa karibu kila kitu. Mwenyekiti wa kitongoji akimwita tu kuulizia mfereji wa maji, yeye anavaa gauni la kanisani na kuaga majirani kama anayekwenda kulazwa. Karatasi yenye muhuri hakuishika kwa mkono mtupu, aliishika kwa kanga. Sokoni akiona mgambo alizunguka kwa nyuma, kwenye vichaka, na ndoo zake kichwani, na hakuwa na kosa lolote. Tulimcheka. Mimi nilimcheka zaidi ya wote. Alituambia, "Chekeni. Mtu akija kwako na kimfuko cha nailoni cha kuwekea kitu, wewe funga mlango kwanza, maswali baadaye."

Huko chini yetu, kabla ya kufika kwenye mashamba ya nyanda za joto, kuna kampuni inayolima maua ya kupeleka nje. Hawauzi ua lenyewe, wanauza vijiti vyake vya kupanda. Nyumba zao ni za nailoni nyeupe, jua likizipiga zinawaka kama maji. Mpambaji akipita njia ile alitazama upande wa pili. Alisema zile nyumba zinamwangalia.

Sasa sikilizeni kisu chake. Alikuwa na kisu kidogo, makali yake yameliwa na jiwe la kunolea mpaka yamekuwa membamba kama ukoka. Kabla ya kukata ua alikichovya kwenye kikopo cha maziwa mabichi. Akahamia shina la pili, anakichovya tena. Mimi hili lilinikera. Ng'ombe wake ni wa ndani, majani anatafutiwa mbali, halafu maziwa yanaoshewa kisu!

"Mtoto wa jirani anakosa maziwa, wewe unamwogesha kisu," nilimwambia.

"Mtoto wa jirani ana ndizi, Mama Eliya. Ua lina nani? Ugonjwa wa maua unasafiri na kisu. Unakata hili ambalo linaumwa, hujui, unakwenda kumwua mwenzake."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliyaua mengi kwanza."

Na bado, kwa ukali wote ule, hakuna aliyemwomba kichipukizi akakosa. Kwetu kumnyima jirani mbegu ya ndizi au kijiti cha ua ni kama kumnyima moto. Mpambaji alikutukana kwanza, hujui kumwagilia, mbuzi wako hawana adabu, mara ya mwisho nilikupa ukaua. Akimaliza kutukana anakata, anachovya, anakufungia kwenye ganda la mgomba lililolowa. Sharti lake lilikuwa moja: uje mwenyewe, usitume mtoto.

Ua lake kubwa, lile watu wote walilolitaka, alilipata kwa ng'ombe. Sifanyi utani. Zamani kidogo ile kampuni ilikuwa ikikata mashina yaliyozidi inayatupa nje ya geti, marundo makubwa. Sisi wa mlimani, majani ya ng'ombe tunayafuata chini na kuyapandisha kichwani. Kiangazi kikikaza unachukua chochote kinachoweza kulaliwa na ng'ombe. Akina mama wengi walibeba yale mashina, walinzi wakiwaangalia tu, hata waliwasaidia kutwisha. Mpambaji naye alibeba. Akatandika zizini. Samadi ikatoka, ikaenda kwenye migomba, na mvua za masika zilipokuja likachomoza ua kwenye rundo. Jeupe, petali nyingi zimejipanga, la aina ile wenye kampuni wanaiita krisanti. Akalihamishia karibu na nyumba.

Msimu fulani tawi moja la lile jeupe likatoa ua la rangi nyingine kabisa. Rangi ya ndizi iliyoiva sana, na katikati wekundu kama wa kutu. Matawi mengine meupe, lile moja tu. Alikuja kuniita, akanishika mkono mpaka pale. Sikumbuki kumwona akitabasamu hivyo hata kanisani. Akakata lile tawi, akalipanda peke yake, likaendelea kutoa rangi ileile. Jeupe akalisahau, likafa. Hili jipya likawa ndilo ua la Mpambaji. "Mungu ameniletea zizini," alisema, "kama alivyoleta mengine."

Likaenda madhabahuni. Likaenda kwenye ndoo mpaka soko la Mwika, na maarusi wa Moshi mjini wakaanza kulifuata, hata watu wa Mkuu walikuja na gari. Na likaenda makaburini. Nyinyi mnajua tunavyozika, kwenye kihamba, shamba la nyumbani, katikati ya migomba yetu wenyewe. Kaburi likishasakafiwa, Mpambaji alikuja bila kuitwa, na vijiti vyake kwenye ganda la mgomba. Mume wangu alipolala alikuja. Alipanda kichwani kwa kaburi amepiga magoti, anamkaripia marehemu.

"Wewe ulikuwa mvivu wa kumwagilia tangu uhai. Usinikaushie hili."

Nilicheka nikiwa kwenye matanga ya mume wangu mwenyewe. Hakulikausha. Limeenea pale mpaka kaburi likawa halionekani saruji yake, na mimi nimezoea kukaa pale jioni kumweleza mambo ya nyumbani. Asiyejua ujane asinicheke.

Kijana wa kampuni alikuja asubuhi ya jua. Mimi nilikuwa kwa Mpambaji tunachambua maharage. Tulisikia baadaye kwamba waliona picha ya harusi yenye ua lile kwenye simu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," tukajibu. Alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima. Akaeleza kwamba ua hili linafanana na lao moja, na lao limesajiliwa, mtu hawezi kulizalisha na kuliuza bila ruhusa.

Mpambaji akasimama. "Lenu la rangi gani?"

"Jeupe, mama."

"Na hili?"

"La njano njano. Lakini umbo la petali, mama, na jani lake… Tunaomba jani moja tu tukapime vinasaba."

"Vinasaba vya maua? Si hupimwa wanaume wanaokataa watoto?"

"Na maua pia, mama, siku hizi." Akatabasamu. "Lakini unayo haki ya kukataa. Au tumsubiri bwana shamba wa kata awepo."

Nilimtazama Mpambaji. Nilijua atakimbilia ndani, maana kijana alishatoa kimfuko cha nailoni. Hakukimbia. Aliinua kidevu. "Chukua. Chukua hata mawili. Mwenye macho anaona rangi. Nikikataa mtasema nimeiba." Akachuma mwenyewe, kwa kisu, baada ya kukichovya kwenye maziwa. Akamtumbukizia.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa kwetu. Sisi tunaamini kwamba kitu kilichobadilika mbele ya macho yetu, kikabadilikia nyumbani kwetu, ni chetu.

Mjukuu wangu Manka alikuja kutoka Morogoro mwisho wa wiki. Yeye anafanya kazi ya maabara, wanapima miche ya kahawa. Nikamsimulia kwa kucheka, nikidhani atacheka. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Bibi, amewapa jani?"

"Amewapa. Si rangi mbili tofauti?"

"Rangi siyo inayopimwa." Akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi kama nilivyoelewa. Ndani ya kila jani kuna kama maandishi marefu mno, ua limeyarithi kwa wazazi wake. Wapimaji hawasomi yote. Wanachagua mahali fulani fulani, mahali wanapojua kwamba aina moja ya ua huwa haifanani na nyingine, wanapaita alama. Wanasaga jani, wanatoa yale maandishi, wanalinganisha alama za hili na za lile. Maua mawili meupe ambayo wewe huwezi kuyatofautisha, alama zitasema haya ni ya mama mbalimbali.

"Na yenye rangi mbili?"

"Hilo ndilo linaloniogopesha, bibi. Ua lililotoka kwenye mbegu ni mtoto, limechanganya baba na mama, alama zake zitatofautiana. Lakini la Mpambaji halikutoka kwenye mbegu. Ni tawi la lile jeupe. Kilichobadilika ni kitu kidogo sana, na kinaweza kuwa mahali ambapo alama hazipo. Wakipima wataona ua moja."

"Hata jani likishakauka?"

"Hata kavu. Jani kavu linasema vilevile."

Wallahi, na sisi Walutheri hatuapi, sikumaliza chai. Nikavaa viatu nikaenda kwa Mpambaji siku hiyohiyo, nikamwambia yote. Alicheka kwanza. Alikuwa ameshaanza kujisifu sokoni, anawaambia watu anasubiri majibu ya baba wa ua lake. Kisha kicheko kikaisha kikamwacha mdomo wazi.

"Kwa hiyo lilikuwa linanidanganya?"

"Nani?"

"Ua."

Tangu hapo aliogopa kama mtu anayesikia kitu ambacho wengine hawakisikii. Ukigonga kwake anauliza ni nani, unajibu, anauliza tena. Madhabahuni aliweka majani matupu, ya kijani, hakuna ua. Gari likipunguza mwendo barabarani anaacha neno katikati. Na woga unaambukiza, nawaambia. Mimi niliyemcheka miaka yote nikaanza kusikilizia mbwa wanabwekea wapi.

Walirudi. Yule kijana, na mama mmoja wa ofisi ya kilimo, na mwenyekiti wa kitongoji. Alama zote walizoangalia zilikuwa sawa na za ua lao. Yule mama wa kilimo alieleza vizuri, hakumdharau, alisema hata kwamba kwa vipimo hivi huwa ni vigumu kutenganisha tawi lililobadilika na mama yake. Lakini walishauliza limetoka wapi, na Mpambaji, kwa kuwa hajui kusema uongo, aliwaeleza habari ya zizi na samadi.

"Mimi ninaona rangi mbili," alisema. "Nyinyi mnaona moja. Haya."

Wakamwambia ang'oe yote, asiuze tena. Akakubali, akang'oa mbele yao, kwa mikono. Nilikuwepo. Kisha kijana akasema kampuni inataka kujua aliwagawia nani.

"Sikumbuki."

Alikumbuka kila geti, kila kaburi, na nani alimwagilia na nani hakumwagilia.

"Mama, taja tu yaishe," mwenyekiti akamwomba. "Hawa watapita nyumba kwa nyumba. Kila watakapolikuta, ni kosa juu yako, wewe ndiye uliyelisambaza. Likifika mahakamani utaweka nini? Si kihamba hiki?"

"Niliwagawia watu walioniomba. Waulizeni hao walioomba."

"Ndio tunauliza ni akina nani!"

"Sikumbuki, baba."

Kihamba kile ndicho alichobaki nacho. Ndiko alikomzika mumewe, ndiko mama mkwe wake alikolala. Usiku ule, na mchana uliofuata, sikufikiria kingine.

Mara ya mwisho kumwona, kabla hajachukuliwa na mpwa wake kwenda kukaa naye Majengo, kulikuwa na ukungu na manyunyu, alasiri. Niliona mtu anapandisha njia amebeba fungu la masale. Nyinyi mliokulia mjini, isale ni lile jani refu la mipakani. Mtu akikujia nalo mkononi amekuja kuomba radhi, na kwetu hulikatai, hata kama amemwua ng'ombe wako. Nilipoona ni yeye nikatoka mpaka getini, maana mtu wa ukali ule habebi isale kwa jambo dogo.

Alisimama getini, hakuingia. Akachomoa jani moja kwenye fungu, akalifunga fundo, akaninyooshea.

"Mama Eliya, usinisemeshe kwanza. Pokea."

"Umenikosea nini wewe?"

"Nilidhani nimempandia mumeo ua. Nimempandia mashtaka."

Manyunyu yalikuwa yanamtiririka usoni. Nilitaka kumwambia aingie, nimpe chai, tuchambue maharage kama zamani. Yeye mkono ameunyoosha vilevile. Nikapokea. Ukishapokea isale umemaliza, huwezi kusema nimekusamehe lakini ua langu liache.

"Ning'oe mwenyewe?" akauliza. "Mimi ndiye niliyepanda."

"Hapana. La kwangu nitalitoa mimi."

"Na majani yaliyoanguka. Yule mjukuu wako alisema hata kavu…"

"Nimesikia alichosema."

Akatikisa kichwa. Akalishika fungu lake kwapani, akaenda geti la jirani, nikamsikia anabisha hodi kwa sauti ndogo ambayo sikuwa naijua. Halafu geti la mbele yake. Ukungu ukamfunika, nikabaki nasikia hodi tu, inakwenda ikipanda mlima.

Hawajafika kwangu mpaka ninapoandika. Huenda wakaja kesho, huenda wasije kabisa, na Mpambaji ang'ang'anie kihamba chake au akikose kwa ajili ya jani moja lililosahaulika kwenye ukuta wa mtu. Mimi sijui sheria. Najua tu kwamba siku ile niligeuka nikiwa na isale mkononi, nikawaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, na Manka alikuwa amerudi kutusalimia, nikawaambia: "Leteni majembe. Anzeni na kaburi la babu yenu, mng'oe na mizizi, halafu njiani, halafu nyuma ya zizi. Chomeni. Fagieni juu ya saruji kwa mikono, msibakize hata jani kavu. Na akija mtu kuuliza, hakuna wa kumjibu humu ndani. Niiteni mimi."